Samaki kalala au kafa? Namna ya kusoma usingizi na mwendo wa samaki na konokono wa kwenye tenki

Kila wiki lazima nitumiwe picha ya samaki aliyelala ubavu chini ya tenki, na swali ni lilelile, "huyu kafa au?" Baada ya hapo inakuja ya konokono aliyejifungia siku ya pili hajasogea, halafu ya gapi, wale samaki wadogo wa rangirangi, wote wamejazana juu ya maji saa 11 alfajiri wanatafuna hewa. Maswali haya matatu yanafanana kwa mtu anayeanza ila uzito wake haufanani kabisa. Yule wa kwanza pengine kalala tu, yule wa pili pengine anapumzika, lakini hao wa tatu wanakata roho na hapo huna muda wa kusubiri jibu kwenye simu. Ndio maana nimekaa chini niandike yote, ujue lini utulie na lini ukimbie.

Mi mwenyewe nimeshatupa konokono mzima. Mwaka wangu wa kwanza kufuga nilimwona kajifungia tangu jana yake, nikamtoa, nikamfunga kwenye gazeti nikamweka kwenye ndoo ya taka. Jioni nafunua ndoo nakuta katoka kwenye gazeti, kapanda mpaka nusu ya ukuta wa ndoo, kakauka, vipembe vimelegea, na kwenye plastiki kuna njia ya ute aliyopita inang'aa. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo situpi kiumbe kabla sijakipima, na we baada ya kusoma hapa nataka uwe hivyo hivyo.

Kitu kimoja ukijue kwanza

Hawa samaki wetu wa tenki hawana kope. Macho yako wazi mchana, yako wazi usiku, yako wazi akilala na yako wazi akifa, kwa hiyo jicho haliwezi kukuambia kama kalala. Kinachokuambia ni vitu vitatu, mahali alipo, mapezi yake na kasi ya mashavu yake kufunguka na kufunga. Ukivizoea hivyo vitatu hutahangaika tena.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari na kalamu. Simu pia inafaa ila daftari linabaki hapo hapo pembeni ya tenki na kila mtu wa nyumbani anaweza kuandika.
- Kipimajoto cha maji. Vile vya bei ndogo vya kubandika kwenye kioo vinatosha kwa kuanzia.
- Tochi ya mwanga mdogo. Ya simu ni kali mno, ifunike na kitambaa chepesi.
- Saa yenye sekunde.
- Taima ya kuwashia na kuzimia taa, kama mfuko unaruhusu. Kama hauruhusu basi mkono wako, ila uwe na saa maalum.
- Bakuli dogo au kopo safi lisilowahi kuingia sabuni, hili ni la kumpimia konokono.
- Vipande vya kupimia maji, hasa amonia, ile sumu inayotokana na kinyesi na vinavyooza kwenye tenki. Kama hujavipata endelea tu na mengine, ila vitafute.
- Pampu ya hewa inayotumia betri kwa ajili ya umeme ukikatika. Hii watu wengi wanaiona anasa mpaka siku wanaamka asubuhi tenki zima linaelea.

Hatua ya 1: Wape samaki wako usiku wa kweli

Usiwasomee usingizi samaki ambao hawapati usingizi. Tenki liko sebuleni, taa ya tenki inawaka masaa 24 kwa sababu linapendeza, tivii inawaka mpaka saa 7 usiku, halafu mtu ananiuliza mbona samaki wangu wanaonekana wamechoka na wanagombana. Mwanga unawafukuzia usingizi. Washa taa ya tenki masaa 8 mpaka 10 kwa siku, mfano saa 5 asubuhi mpaka saa 2 usiku, ili na wewe ukirudi kazini uwaone kidogo, kisha zima kabisa. Zile taa za bluu za usiku nazo ni taa, zima.

Angalizo: usiwashe taa ya tenki ghafla chumba kikiwa giza. Samaki anashtuka vibaya sana, anaweza kujipiga kwenye kioo au kuruka nje, na beta, yule samaki wa mapezi marefu, kwa kuruka hana mpinzani. Washa taa ya chumba kwanza au fungua pazia, subiri kama nusu saa, ndio uwashe ya tenki. Na tenki liwe na kifuniko.

Hatua ya 2: Andika mchana wao kwa siku tatu

Kila siku saa ileile, kabla hujawalisha, kaa mbele ya tenki dakika kumi bila kugonga kioo. Nasisitiza bila kugonga kioo, samaki ana mstari wa hisia ubavuni mwake unaopokea mtikisiko wa maji, na ukigonga kioo unachokiona baada ya hapo ni woga wake. Andika nani anakaa juu, nani katikati, nani chini, nani anamfukuza nani, nani kajificha. Ukikosa hii rekodi, siku utakayoona kitu "cha ajabu" hutajua kama ni cha ajabu kweli au ni tabia yake ya kila siku ila ulikuwa hujamwangalia.

Kuna mienendo inatisha wageni bure, nikutajie ninayoulizwa zaidi. Koridora, wale kambare wadogo wa chini, anachomoka kwa kasi mpaka juu, anameza hewa, anarudi chini. Hajakosa hewa, hao utumbo wao unaweza kuvuta oksijeni kutoka kwenye hewa waliyoimeza. Beta na gurami nao wanapanda juu kuvuta hewa kwa sababu wana kiungo maalum kichwani cha kupumulia hewa, hiyo ni kawaida kabisa. Pleko, yule kambare mwenye mdomo wa kunyonya, kujibandika kwenye kioo mchana kutwa bila kusogea ni kawaida, yeye kazi yake inaanza giza likiingia. Na kama umeuziwa yule kambare wa bonde la Kongo anayeogelea tumbo juu mgongo chini, basi ujue kaumbwa hivyo, hata rangi ya tumbo lake ni nyeusi kuliko mgongo, usimgeuze na kijiti kama alivyofanya jamaa mmoja niliyemkuta akihangaika naye nusu saa nzima.

Wa mwisho ni jike la mbuna wa Ziwa Nyasa. Amejitenga kwenye kona ya mawe, hali chakula, kidevu kimevimba na anatafunatafuna kama ana kitu mdomoni. Anacho kweli! Ana mayai au watoto mdomoni na atawabeba kama wiki tatu bila kula vizuri. Usimpe dawa, usimsumbue, mwache mama wa watu alee.

Hatua ya 3: Wachungulie usiku

Hii ndio hatua ninayoipenda kuliko zote na ndio watu wanairuka. Zima taa zote, subiri saa moja na nusu mpaka masaa mawili, kisha njoo taratibu na ile tochi uliyoifunika, imulike pembeni ya tenki sio moja kwa moja usoni mwa samaki, sekunde chache tu, ondoka. Fanya usiku mmoja, ruka mmoja, usiwageuze wakeshaji.

Utaona nini? Goldifishi atakuwa kasimama karibu na chini, kainamisha kichwa kidogo, mkia unapunga kidogo sana na rangi yake imepauka. Neoni wametawanyika, lile kundi la mchana halipo tena, na mstari wao wa bluu umefifia mpaka unadhani umeuziwa wengine. Gapi wamejilaza kwenye majani au wametulia tuli karibu na mchanga. Danio mkia umelegea, umeshuka. Beta ndio kiboko, anajilaza juu ya jani pana kama mtu kwenye kitanda cha kamba, saa ingine ubavu kabisa, saa ingine kajibana kati ya hita na kioo. Kumbe wakati huohuo pleko na wale wengine wa usiku ndio wanazunguka, wanakwangua mbao, wanapekua mchanga.

Na kama una bahati ya kuwa na wale sikilidi wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi kwenye magamba, basi zima taa na uwaangalie dakika zilezile za mwanzo. Hao ni samaki wa sentimita nne tano hivi, huko ziwani wanaishi kwenye magamba matupu ya konokono aitwaye Neothauma yaliyolundikana chini ya maji. Kila mmoja ana gamba lake, analichimbia mchanga, analilinda, na giza likiingia kila mmoja anazama kwake. Samaki analala ndani ya nyumba ya konokono! Ni wa kwetu hawa, ziwa la Kigoma hilo, na dunia nzima wanawafuga. Kama tenki lako halina magamba ya kutosha kwa kila mmoja watagombana na wengine hawatalala, weka magamba mengi kuliko samaki.

Makosa ya hapa: mtu anamkuta beta kalala ubavu saa 5 usiku anamsukuma na kijiti, samaki anashtuka, mwenyewe anafurahi "yuko hai", kesho anarudia, keshokutwa anarudia. Huyo samaki unamnyima usingizi kila siku.

Hatua ya 4: Hesabu mashavu

Chagua samaki mmoja, hesabu mara ngapi kifuniko cha shavu kinafunguka ndani ya sekunde 15, zidisha kwa 4. Fanya mchana akiwa ametulia, hajala, hajafukuzwa. Fanya na usiku kwenye zile sekunde za tochi. Samaki aliyelala mashavu yanakwenda polepole kuliko mchana. Sitakupa namba ya kukariri kwa sababu inategemea aina, ukubwa na joto la maji, namba unayoitaka ni ya samaki WAKO siku akiwa mzima. Ukishaiandika kwenye daftari, siku ukimkuta kalala chini na mashavu yanakimbia kupita hiyo namba, hapo hajalala, anaumwa au maji yana shida.

Hatua ya 5: Sasa konokono

Konokono usimpangie ratiba ya mchana na usiku kama samaki, ndio kosa la kwanza. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto waliwafuatilia konokono wa bwawa aina ya Lymnaea wakakuta wanalala vipande vifupi vya kama dakika 22, vipande kama saba hivi ndani ya masaa 13 mpaka 15, halafu wanakaa macho zaidi ya masaa 30 mfululizo. Yaani anaweza kukesha siku nzima na zaidi akitambaa, na kesho yake saa 6 mchana ukamkuta kagandia kioo hasikii la mtu. Wako anaweza asiwe aina hiyo lakini somo linabaki, kimya cha mchana sio ugonjwa.

Anayepumzika utamjua hivi: mguu umelegea ila bado umeshika, vipembe vimelala au vimerudi nusu, gamba linaning'inia kidogo mbali na mwili. Mguse gamba taratibu, atajikunja polepole au asijali. Hiyo ni sawa.

Wale konokono wakubwa wa rangi ya njano au bluu wana shavu upande mmoja na pafu upande mwingine, kwa hiyo utaona anapanda karibu na juu, anatoa mrija mrefu kama wa kunywea soda, anavuta hewa huku mwili mzima unapiga kama pampu. Wengine wanapiga kelele "konokono wangu kaota mkia". Sio mkia, anapumua. Pia anaweza kujiachia kutoka juu ya kioo akadondoka mpaka chini, na anaweza kuelea siku nzima kwa sababu ana hewa ndani. Kuelea sio kufa.

Wale wadogo wenye gamba refu lililochongoka kama parafujo wanajizika kwenye mchanga mchana na kutoka usiku. Mchana unadhani unao watatu, usiku unamulika unakuta ukoo mzima.

Angalizo la kumshika: usimng'oe kwenye kioo kwa nguvu, unaweza kumchana msuli unaomshikilia na gamba lake. Msukume taratibu pembeni kwanza aachie, ndio umwinue.

Hatua ya 6: Kipimo kabla ya kutupa

Kwa samaki: angalia mashavu dakika mbili kamili bila kusema neno. Hayaendi kabisa? Sogeza wavu taratibu umguse mkia. Hakuna kitu, na jicho limeingiwa ukungu mweupe? Huyo ameenda, mtoe haraka kabla hajaoza akachafulia wenzake. Mashavu yakisogea hata kidogo, rudisha mkono.

Kwa konokono:
Kwanza mnuse. Ndio, mtoe kwenye maji umpeleke puani. Aliyekufa ananuka vibaya sana, harufu ambayo huwezi kuiulizia mtu. Hakuna harufu hiyo, basi usimtupe.
Pili angalia mlango wake, kile kifuniko kigumu cha kufungia. Umefungwa kwa nguvu, yuko ndani. Umeachia na mwili unaning'inia nje haurudi ukimgusa, dalili mbaya.
Tatu mweke kwenye lile bakuli na maji ya tenki lilelile, kimo kidogo tu, mahali pa kivuli, mwache mpaka kesho. Kama kafa atayachafua maji ya bakuli badala ya tenki lako. Kama mzima, asubuhi utamkuta anatambaa ukutani.

Mambo mawili ya konokono ambayo sitaki ukosee

La kwanza, usiokote konokono kwenye mtaro, bwawa, mashamba ya mpunga au ufukweni mwa ziwa ukamleta nyumbani kwa sababu ni wa bure. Konokono aina za Biomphalaria na Bulinus wanaishi kwenye maji ya kwetu na ndio wanaobeba vimelea vya kichocho. Vimelea vinatoka kwenye konokono, vinaingia kwenye maji, na vinapenya ngozi ya mkono wako ukiwa unasafisha tenki. Una watoto wanaopenda kuchezea maji ya tenki, wafikirie hao.

La pili, wakizaliana wakakuzidi usiwamwage nje. Wale konokono wakubwa wanaotaga vishada vya mayai ya pinki juu ya usawa wa maji, ndugu yao mmoja kutoka Amerika ya Kusini alionekana kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea kule Kenya mwaka 2020 na anakula miche ya wakulima. Kwangua mayai kabla hayajaanguliwa, yagandishe kwenye friza, kisha tupa.

Hatua ya 7: Lisha kwa zamu yao

Fupi tu. Wa mchana wape mchana, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili tatu. Wa usiku, yaani pleko na wenzake, wape vidonge vya kuzama ukishazima taa, vinginevyo wenzao wanamaliza na yeye anakonda taratibu bila wewe kujua.

Ukiona hivi, fanya hivi

*Wote wako juu wanatafuna hewa alfajiri.* Oksijeni imeisha. Usiku mimea nayo inatumia oksijeni, maji ya joto yanabeba oksijeni kidogo, na kama umeme ulikatika usiku pampu imelala. Chota maji ya tenki kwa jagi, yamwage tena kutoka juu kama mtu anayepoza chai, rudia dakika kumi na tano bila kuchoka, washa ile pampu ya betri, usilishe. Watu wa Dar na Mombasa hili liwe kichwani hasa miezi ya joto.

*Wote wako juu siku moja au mbili baada ya kusafisha tenki.* Hapo nashuku ulitoa maji yote na filta ukaiosha bombani. Umeua bakteria wazuri wanaoondoa amonia, sasa amonia imepanda, au umeweka maji ya bomba yenye klorini. Badilisha robo ya maji kwa maji yaliyokaa wazi kwenye ndoo masaa 24 au yaliyowekwa dawa ya kutoa klorini, joto lifanane. Siku nyingine filta isuuze kwenye maji uliyoyatoa kwenye tenki.

*Mmoja kalala chini mchana, mapezi kayabana mwilini.* Hapo sio usingizi. Hesabu mashavu, linganisha na daftari, pima maji, angalia joto. Kwa watu wa Arusha, Iringa na Nairobi, angalia joto la usiku, beta bila hita kwenye baridi ile anakaa chini tu kwa sababu mwili umepoa.

*Anapanda na kushuka kwenye kioo bila kupumzika.* Kama ni mgeni mpe siku tatu. Kama sio mgeni, tenki ni dogo, au anaiona sura yake kwenye kioo, au kuna anayemfukuza. Ongeza mimea na maficho.

*Anajikuna kwenye mawe.* Tafuta vidoti vyeupe kama chembe za chumvi kwenye mapezi. Vipo, ni ugonjwa wa madoa meupe, tibu. Havipo, pima amonia.

*Goldifishi anaelea tumbo juu baada ya kula lakini mashavu yanakwenda vizuri.* Kibofu cha hewa kimeelemewa, mara nyingi ni kula kupita kiasi. Mnyime chakula siku moja mpaka mbili, halafu mpe njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda, kipande kidogo.

*Konokono wote wamepanda juu, wengine wanataka kutoka nje.* Mmoja anatembea, wote wanakimbia. Maji yamechafuka au hewa haitoshi, fanya kama kwa wale samaki wa alfajiri kisha utafute kinachooza chini ya mawe, mara nyingi ni samaki uliyedhani kajificha.

*Konokono kajifungia tangu ulipoweka dawa ya samaki.* Soma chupa, tafuta neno "copper" (kopa), yaani shaba. Shaba inaua konokono. Mhamishie leo hii kwenye ndoo ya maji safi yaliyotolewa klorini, na usimrudishe mpaka umebadilisha maji ya tenki mara kadhaa. Anaweza kukaa kajifungia siku nzima akiwa kwenye ndoo, mnuse asubuhi, mnuse jioni, na kama hanuki endelea kumsubiri.